Diwani anayehakiki filamu: swali ambalo hatujamuuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala ulioendelea humu kwa majuma kadhaa kuhusu diwani kijana ambaye, mbali na kazi aliyochaguliwa na watu wa kata yake, huandika uhakiki wa filamu na kuutia jina lake kamili. Nimezisoma barua zote zilizotangulia. Wa kwanza alimkumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba saa mbili anazokaa gizani akitazama filamu ni saa mbili alizowaibia wapiga kura. Wa pili aliona aibu kwamba mtu anayeitwa mheshimiwa aandike hadharani juu ya mapenzi, mauaji na vichekesho vya waigizaji. Wa tatu alimtetea, lakini utetezi wake ulinisikitisha kuliko mashambulizi ya wenzake, kwa sababu alisema kwamba hayo ni mambo ya burudani tu, kijana aachwe apumzishe akili. Sikubaliani na yeyote kati ya hao watatu. Maswali waliyomuuliza diwani huyu, hata akiyajibu vizuri, hayatatufundisha lolote juu yake, na lile moja ambalo angepaswa kuulizwa kila mara hakuna aliyeligusa.

Nianze na muda, kwa kuwa ndilo lalamiko jepesi zaidi, nami sitakaa juu yake. Katika nchi nyingi udiwani si ajira ya kutwa. Madiwani ni walimu, wakulima, wafanyabiashara, mawakili na wastaafu, na sijapata kusoma barua inayomlaumu diwani mwenye duka kwa kukaa dukani kwake. Kama kijana huyu amekosa vikao, mahudhurio yake yameandikwa na yanaweza kusomwa. Kama hajakosa, basi jioni zake ni zake, na sioni kwa nini jioni ya kuandika iwe na lawama kuliko jioni ya kupiga soga.

Lalamiko la heshima nalo linanishangaza, maana ulimwengu umezoea kuwaona waigizaji wenyewe wakipanda majukwaa ya siasa. Ronald Reagan alitoka kwenye filamu akawa gavana wa California mwaka 1967 na rais wa Marekani mwaka 1981. Joseph Estrada, nyota wa filamu wa Ufilipino, alianzia umeya wa San Juan mwaka 1969 na kufikia urais mwaka 1998. Clint Eastwood alichaguliwa kuwa meya wa mji mdogo wa Carmel mwaka 1986 na kuutumikia kwa miaka miwili, kisha akarudi kwenye kazi yake. Wapiga kura hawakuona haya kumchagua mtu ambaye sura yake waliijua kwa bunduki za kuigiza. Inakuwaje basi tumwonee haya mtu ambaye hakuigiza chochote, aliyekaa kwenye kiti cha mtazamaji kama sisi na baadaye akatuambia kwa maandishi alichokiona?

Lakini yule aliyemtetea kwa neno burudani ndiye ninayetaka kubishana naye zaidi, kwa sababu amekidharau kitu ambacho hakukitazama vizuri. Uhakiki wa filamu, ukiandikwa inavyopasa, ni kazi ya kutoa hukumu na kuitolea sababu mbele ya watu wanaoweza kukukosoa. Mhakiki hukaa mpaka mwisho. Hata filamu ikimchosha katika dakika ya kumi hana ruhusa ya kuondoka na kwenda kuandika, kwa kuwa huenda dakika ya mwisho ndiyo inayogeuza maana ya zote zilizotangulia. Akishatazama, hana budi kuyatenganisha mambo ambayo mtazamaji aliyekuja kustarehe huyachanganya: filamu ilikusudia nini, ilitumia njia gani kukifikia kilichokusudiwa, na kama kilistahili jitihada yote hiyo. Filamu yaweza kubeba ujumbe ambao sote tunaukubali na bado ikawa mbovu, kwa sababu wahusika wake wanazungumza kama mabango ya matangazo. Na yaweza kubeba ujumbe tunaouchukia na bado ikawa imepigwa na kuhaririwa kwa ustadi tusioweza kuukana. Mtu aliyezoea kukiri kwa maandishi ustadi wa kazi asiyoipenda anajizoeza jambo lililo adimu katika baraza lolote, yaani kusema kwamba hoja ya mpinzani wake imejengwa vizuri, kisha akaeleza kwa nini hata hivyo ataipigia kura ya kuikataa.

Nasema haya nikiwa mtu niliyeandika kumbukumbu za vikao vya baraza moja la madiwani kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Nazikumbuka taarifa za utekelezaji zilizoletwa mbele ya kamati zikiwa zimepambwa kwa picha. Jengo limepigwa picha kutoka mbele, asubuhi, rangi ikiwa mbichi. Madiwani walifungua ukurasa wa picha, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaipitisha taarifa, nami nikaandika kwamba imepokelewa, kama kazi yangu ilivyonitaka. Katika miaka yote hiyo simkumbuki hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mhakiki yeyote wa filamu huwa nalo kabla hajaketi vizuri: kamera ilisimama wapi, na ni kitu gani kimeachwa nje ya picha? Ukuta wa nyuma wa jengo lile haukuwa umepigwa lipu. Tulilijua hilo baadaye, malipo yakiwa yamekwisha kufanyika, na waliokuwa wameridhika kwenye kikao cha kwanza ndio waliokasirika kuliko wote kwenye kikao cha pili.

Wanafunzi wa filamu hufundishwa mapema jaribio la mwongozaji na mwalimu wa Urusi, Lev Kuleshov, lililofanyika zaidi ya karne moja iliyopita. Aliichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso mtulivu usioonyesha hisia yoyote ya wazi, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu. Akaiunganisha picha ile ile na picha ya maiti ndani ya jeneza. Kisha akaiunganisha na picha ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoionyesha njaa, kisha huzuni, kisha matamanio, ilhali uso ulikuwa ule ule mmoja, haujabadilika hata kope. Maana ilizaliwa na jirani wa picha. Anayelielewa jaribio hilo hawezi tena kuisoma taarifa ya halmashauri kama alivyokuwa akiisoma. Ukimwekea jedwali la matumizi kando ya picha ya watoto wanaotabasamu, atalitoa jedwali hapo na kulisoma peke yake. Ningefurahi kama kila mjumbe wa kamati ya fedha, popote alipo, angelazimishwa kuandika uhakiki wa filamu kumi kabla ya kukabidhiwa makadirio ya mwaka, ingawa najua pendekezo hilo halitafika mbali.

Kuna na jambo la ushujaa. Mwanasiasa kijana anatafuta marafiki. Kila mkono anaoupeana ni kura inayowezekana. Kuandika kwamba filamu fulani, ambayo watu wameipenda na kuijazia kumbi, imejengwa juu ya hadithi legevu, ni kujipunguzia marafiki kwa hiari. Tena anaandika kwa jina lake, na maandishi hukaa. Hotuba ya mkutanoni inaweza kukanwa kesho kwa kudai kwamba ilinukuliwa vibaya, lakini uhakiki alioandika akiwa na miaka 22 utasomwa akiwa na miaka 40, pamoja na makosa yake yote. Mimi kama mpiga kura nauona utajiri hapo. Nikitaka kujua kama mtu huyu hubadili msimamo kwa hoja au kwa upepo, nina rundo la hukumu zake, kila moja na tarehe yake, jambo ambalo sina kwa madiwani wengine wote niwajuao.

Mpaka hapa nimekuwa upande wake. Sasa nije kwenye swali lenyewe, ambalo kwa kulinyamazia, wanaomshambulia na wanaomtetea wamemfanyia hisani asiyostahili.

Watu wengi hudhani filamu ni shughuli ya serikali kuu na bodi zake, na kwamba diwani hana mkono wowote ndani yake. Historia inasema vingine, na ilianzia kwenye moto. Filamu za mwanzo zilichapwa kwenye utepe wa naitreti, kitu kinachowaka kwa kasi na ambacho kikishashika moto ni vigumu mno kukizima, kwa sababu hujitolea chenyewe oksijeni inayokiunguza. Taa za mitambo ya kuonyeshea nazo zilikuwa za hatari: Mei 1897, mjini Paris, moto ulioanzia kwenye mtambo wa kuonyeshea filamu katika hafla ya hisani uliua watu zaidi ya 120. Uingereza ilitunga sheria ya sinema mwaka 1909 ikiwa na nia ya kuzuia maafa ya namna hiyo, na mamlaka ya kutoa leseni za kumbi yakawekwa mikononi mwa halmashauri za mitaa. Nani mwingine angekagua milango ya dharura na ndoo za maji? Lakini mamlaka, yakishapewa mlango, huingia mpaka chumba cha ndani. Mwaka 1911 mahakama ilikubali kwamba halmashauri ya London ilikuwa na haki ya kutia kwenye leseni sharti la kutofungua ukumbi siku ya Jumapili, sharti ambalo halikuhusiana na moto hata kidogo. Kutoka hapo hatua ya kuamua filamu ipi ionyeshwe na ipi izuiwe ilikuwa fupi. Wenye filamu waliunda bodi yao ya ukaguzi mwaka 1912 ili wasihukumiwe na kila mji kwa namna yake, lakini kisheria neno la mwisho lilibaki kwa halmashauri, na limebaki huko hadi leo. Ndiyo maana mwaka 1979 halmashauri kadhaa za Uingereza zilipiga marufuku filamu moja ya vichekesho ambayo bodi ilikuwa imekwisha kuipa cheti.

Chicago ilikuwa imetangulia kwa njia yake. Mwaka 1907 baraza la mji huo lilipitisha amri iliyotaka kila filamu ipate kibali cha mkuu wa polisi kabla ya kuonyeshwa. Amri hiyo ilikuwa kazi ya madiwani, waliochaguliwa kwa ajili ya mitaro, taa za barabarani na usafi, na siku moja wakajikuta wakiamua macho ya watu yaone nini.

Hata mahali ambapo ukaguzi wa maudhui umehamishiwa kwenye bodi ya taifa, bado halmashauri hushika vitu ambavyo mtengeneza filamu hawezi kufanya kazi bila hivyo. Kwa kawaida yeye ndiye anayekuja kuomba ruhusa ya kufunga barabara kwa nusu siku, kutumia jengo la umma kama mandhari, kuweka mitambo ya umeme kwenye uwanja au kupiga kelele usiku. Ukumbi wa kuonyeshea unahitaji leseni, na leseni hiyo huhuishwa. Tamasha la filamu huomba uwanja na ulinzi, na mara nyingine fedha. Diwani anayehakiki filamu, kwa hiyo, hafanani na diwani anayehakiki mashairi. Mshairi haombi kibali cha kufunga barabara.

Hebu tumfikirie mtengeneza filamu mwenye kampuni ndogo ambaye kazi yake imechambuliwa na mheshimiwa siku ya Jumamosi na kuonekana haina kichwa wala miguu. Jumanne inayofuata ombi lake la kupiga picha kwenye soko linafika mbele ya kamati, na mheshimiwa yuko mezani. Huenda ombi likakataliwa kwa sababu halali kabisa, lakini nani atamshawishi mwombaji kwamba hakuwa katika kesi ya nyani iliyopelekwa kwa tumbili? Au tuugeuze mfano, kwani upande huu wa pili ndio wa hatari zaidi na hauonekani upesi. Mtayarishaji mwenye akili hataleta bahasha. Ataleta mwaliko wa onyesho la kwanza, kiti cha mbele, nafasi ya kupeana mkono na waigizaji mbele ya kamera, na pengine ombi la unyenyekevu kwamba sentensi moja kutoka kwenye uhakiki wa mheshimiwa ichapwe kwenye bango. Kwa mwanasiasa kijana, jina lake kwenye bango la filamu inayopendwa lina thamani kuliko fedha, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayelikuta kwenye vitabu.

Swali basi ndilo hili: ni nani kati ya watu unaowahakiki ana jambo lake mbele ya kamati yako, na umelitangaza hilo wapi? Sijaliona likiulizwa katika barua yoyote, wala sijaona akilijibu bila kuulizwa.

Wapo wanasiasa wakubwa waliochanganya mambo haya mawili, na tofauti kati yao inafundisha. Gerald Kaufman, aliyekuwa mbunge wa Uingereza kuanzia mwaka 1970 hadi alipofariki mwaka 2017, alichapisha mwaka 1994 kitabu kizima kuhusu filamu moja ya muziki ya Marekani, wakati huo huo akiwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge iliyoshughulikia mambo ya utamaduni na urithi wa taifa. Mgongano wa masilahi uko wapi? Siuoni. Filamu aliyoiandikia ilikuwa ya mwaka 1944, imetengenezwa ng'ambo ya bahari, na walioitengeneza hawakuwa na barua yoyote kwenye meza yake. Alikuwa na uhuru wa kuipenda apendavyo. Walter Veltroni, aliyekuwa meya wa Roma kuanzia mwaka 2001 hadi 2008, ni mfano mgumu zaidi. Mapenzi yake ya filamu yalijulikana na kila mtu, na mwaka 2006 mji wake ukaanzisha tamasha la filamu, jambo lililowakwaza watu wa Venice, wenye tamasha lao tangu mwaka 1932. Sisemi alikosea, waliomchagua walimjua, na tamasha bado lipo. Ila hapo penzi la mtu binafsi lilikwisha kuwa shughuli ya mji, lenye wafanyakazi, kumbi na washindani, na katika hali hiyo mwanasiasa anayeendelea kusifu au kuponda filamu mpya hawezi tena kudai kwamba anazungumza kama mtazamaji wa kawaida.

Kuna hatari nyingine, ambayo ni ya ndani zaidi, nami sina dawa yake. Mwanasiasa amefunzwa kuuliza kila neno lililosemwa hadharani linamfaa nani. Akiingia na swali hilo ukumbini, filamu hugeuka kuwa hotuba: nzuri ikiwa inakubaliana na sera za chama chake, mbaya ikiwa inazidhihaki. Mfano wa kutisha kuliko yote ni wa Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Ujerumani ya Hitler, mtu aliyezipenda filamu na kuzitazama kwa wingi. Novemba 1936 alipiga marufuku uhakiki wa sanaa nchini mwake. Waandishi walitakiwa tangu siku hiyo kutoa taarifa ya kazi, kueleza kilichomo na kuisifia inapofaa, bila kuthubutu kuihukumu. Diwani wetu hana mamlaka ya kutisha kama hayo na sina sababu ya kumdhania nia mbaya. Lakini nimeona katika maandishi yake mawili ya karibuni kwamba sehemu ya kwanza inazungumzia uigizaji, sauti na mwendo wa hadithi kwa ufundi unaopendeza, na sehemu ya mwisho inahamia ghafla kwenye manufaa ya filamu kwa vijana na maendeleo, kana kwamba mtu mwingine amemnyang'anya kalamu. Mhakiki aliyeanza uhakiki ule angemwambia mwanasiasa aliyeumaliza aondoke ukumbini.

Nigusie na haki ya anayehakikiwa, kwa sababu katika mjadala huu imesahauliwa kabisa. Mwandishi Graham Greene alikuwa mhakiki wa filamu miaka ya 1930, na mwaka 1937 aliandika uhakiki mkali juu ya filamu aliyoigiza mtoto mashuhuri Shirley Temple. Kampuni ya filamu ilimshitaki pamoja na jarida lake, na mwaka 1938 mahakama iliwatoza fidia ya pauni 3,500. Jarida lenyewe, lililokwisha kupungukiwa na fedha, lilikuwa limekufa kabla ya kutimiza mwaka. Katika kisa hicho kampuni ndiyo iliyokuwa na nguvu na mhakiki ndiye aliyekuwa mnyonge. Kwa diwani mizani imegeuka. Anayehakikiwa naye mara nyingi ni kijana mwenzake aliyekopa kamera na kuwalipa waigizaji kwa ahadi, na ambaye kesho atahitaji saini ya halmashauri. Mtu huyo, hata akionewa waziwazi, hatamjibu. Atanyamaza, atatabasamu wakikutana, na sisi wasomaji tutahesabu ukimya wake kuwa ni kukubali. Uhakiki usioweza kujibiwa umepoteza nusu ya thamani yake, kwa kuwa mhakiki hujifunza kazi yake kwa kubishiwa, na huyu wetu yuko katika hatari ya kutobishiwa na mtu yeyote mwenye kitu cha kupoteza.

Kwa hiyo sitaki aache kuandika. Nitasikitika akiacha, na nitasikitika zaidi akiacha kwa sababu ya barua zilizomwambia kwamba filamu ni upuuzi. Ninachotaka ni kwamba ajiwekee mpaka na autangaze kabla hajalazimishwa. Filamu za zamani, na zile zilizotoka mbali na mamlaka ya baraza lake, azihakiki bila kumwonea haya mtu. Filamu iliyotengenezwa na mtu mwenye ombi mbele ya kamati anayokaa, asiiguse mpaka ombi liishe. Na kama alikwisha kuihakiki, kwa kuisifu au kwa kuiponda, basi siku ombi hilo likifika atamke jambo hilo mwanzoni mwa kikao, aondoke mezani, na kutoka kwake kuandikwe kwenye kumbukumbu. Nimeandika maneno hayo ya kutoka kwa mjumbe mara nyingi, kwa ajili ya wajumbe waliokuwa na mashamba, ndugu au zabuni. Yanachukua mstari mmoja. Sijui kama katika baraza lolote yamewahi kuandikwa kwa ajili ya filamu, lakini kanuni za vikao zilizotungwa kwa nia njema hazibagui.

Mialiko ya maonyesho ya kwanza ni jambo dogo ambalo watu watalicheka, ila mimi ningemshauri anunue tiketi kama sisi. Filamu hutazamwa vizuri zaidi katikati ya watu wasiokujua, ambao hucheka mahali usipotarajia na kusinzia mahali mwongozaji alipodhani wangelia.

Na wewe, Ndugu Mhariri, nina ombi kwako pia, kwa maana uhakiki huo unachapishwa na wahariri na hauchapishwi na upepo. Chini ya kila uhakiki wa diwani huyu uweke mstari unaosema kwamba mwandishi ni diwani, ni mjumbe wa kamati ipi, na kama yeyote aliyehusika na filamu hiyo ana ombi mbele ya baraza. Aliyehakikiwa akitaka kujibu, mpe nafasi sawa na ile aliyopewa mheshimiwa, ukurasa ule ule, bila kumtaka kwanza akutane na mtu yeyote ofisini. Na ukiniruhusu niongeze jambo la ufundi, kata zile aya za mwisho zinazohusu manufaa kwa vijana. Aliyeziandika atakasirika kwa juma moja.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi, mwandishi mstaafu wa kumbukumbu za vikao